Mji Umetolewa, Jibu Liko Wapi? Juu ya Deni la Msimuliaji na Hasira ya Mtazamaji

Katika mchezo wa vitendawili, kama unavyojulikana na kila mtoto aliyekulia katika mazingira ya Kiswahili, kuna hatua moja ambayo wahakiki wa fasihi simulizi huitaja kwa haraka kisha wakaipita. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenzake huitikia, "Tega!" Fumbo hutolewa, majibu hujaribiwa, na yote yakishindikana mtegaji hudai: "Nipeni mji." Akipewa Mombasa anaweza kuukataa, akataka mwingine, akiridhika husimulia alivyokwenda katika mji huo na mambo aliyoyaona huko, kisha hulifumbua fumbo. Aghalabu hatua hii huelezwa kuwa ni adhabu ya kushindwa, au pambo la kuongeza ucheshi. Ni maoni yetu kwamba ni zaidi ya hayo. Mji ni malipo, na aliyekwisha kuyapokea malipo hana hiari tena ya kulificha jibu.

Makala haya yanakusudia kuitumia hatua hiyo kulichunguza suala la kimaadili ambalo kwa mtazamo wa kwanza huenda likaonekana dogo. Je, msanii anayeitegea hadhira fumbo, akaishikilia kwa fumbo hilo miaka kadhaa, anadaiwa jibu? Na hadhira isiyolipata ina haki ya kukasirika, au hasira yake ni ushahidi tu kwamba haikuelewa sanaa ni nini? Mfano wetu mkuu ni mfululizo wa runinga wa Kimarekani uitwao Lost, ulioonyeshwa na kampuni ya ABC kuanzia tarehe 22 Septemba 2004 hadi tarehe 23 Mei 2010. Mahali tulipoutazamia ni Lanet, na mahali hapo pana uzito wake katika hoja, kama tutakavyoona.

Lanet iko upande wa mashariki wa Nakuru, kandokando ya barabara kuu iendayo Nairobi, na katika vitabu vya historia hutajwa zaidi kwa sababu ya kambi yake ya jeshi na maasi ya askari ya Januari 1964. Mwenyeji wetu alikuwa koplo mstaafu, fundi wa magari, ambaye majirani wote walimwita Afande. Tangu mwishoni mwa 2006 tulikuwa tukikutana sebuleni mwake kila Jumamosi jioni: muuguzi mmoja, vijana wawili waliokuwa wakisubiri kuingia chuo kikuu, fundi mwenzake Afande aliyefanya kazi Lanet lakini akikaa Kaptembwa, pamoja na mwandishi wa makala haya, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari. Santuri zilitoka katika kibanda kimoja karibu na steji ya matatu. Zilikuwa za kunakiliwa, zimeandikwa juu kwa kalamu ya wino mzito, na mara nyingine kipindi cha kumi kilikitangulia cha tisa. Kwa kuwa mfululizo wenyewe ulikuwa na mtindo wa kurukaruka katika wakati, iliwahi kutokea tukakaa wiki nzima tukijenga nadharia juu ya kosa la mnakili.

Kisa chenyewe kinafahamika. Ndege iliyotoka Sydney kuelekea Los Angeles inaanguka katika kisiwa cha nchi za joto, na manusura wanakuta huko mambo yasiyoelezeka: dubu mweupe wa nchi za barafu, moshi mweusi unaoua, mfuniko wa chuma uliofukiwa ardhini, na tarakimu sita, 4, 8, 15, 16, 23 na 42, zinazojitokeza kila mahali kana kwamba zimeandikwa na mkono mmoja. Kila kipindi kilifungua mlango, na nyuma ya mlango pakawa na mlango mwingine. Muuguzi alishikilia tangu mwanzo kwamba watu wale walikwisha kufa na kwamba kisiwa kilikuwa toharani. Vijana waliamini kwamba wakati wenyewe ndio uliokuwa umepinda. Afande, kama inavyotarajiwa, aliona jaribio la kijeshi. Akanunua daftari la kurasa mia mbili, akalichora mstari katikati, upande mmoja akaandika "Yaliyoulizwa" na upande wa pili "Yaliyojibiwa". Mkewe alipoliona alisema linafanana na daftari la madeni la dukani. Usemi huo wa mama yule umemsaidia mwandishi kuliko vitabu kadhaa vya nadharia.

Hatusemi kwamba nadharia haina la kutuambia. Roland Barthes, katika S/Z (1970), aliubainisha msimbo mmoja wa usimulizi unaohusika na fumbo: jinsi swali linavyoulizwa, likacheleweshwa, likazungushwa, likapewa majibu ya uongo na majibu nusu, na hatimaye likafichuliwa. Kwa Barthes ucheleweshaji huo si kasoro, kwani bila huo hadithi ingekwisha katika ukurasa wa kwanza. Naye Wolfgang Iser alitufundisha kuyatazama mapengo ya matini kuwa ni nafasi ambamo msomaji anaalikwa kufanya kazi. Maelezo yote mawili ni sahihi, lakini hayagusi lile lililoandikwa katika daftari la Afande. Barthes anaeleza namna jibu linavyocheleweshwa, wala haulizi nini hutokea kwa uhusiano wa kimaadili baina ya pande mbili iwapo ucheleweshaji ulikuwa ni njia ya kuficha kwamba jibu halipo. Iser anatuambia pengo ni mwaliko. Hatuambii la kufanya mwalikwa anapofika akakuta hakuna aliyepika.

Basi yatupasa kwanza kutofautisha aina za kutojua, kwa maana si kila swali lisilojibiwa ni deni.

Si mbali na Lanet kuna Hyrax Hill, ambako Mary Leakey alichimbua mnamo 1937 na 1938, na ambako hadi leo mgeni anaweza kuona mabonde madogo ya mviringo yanayoitwa mashimo ya Wasirikwa. Lanet yenyewe ilichimbuliwa na Merrick Posnansky mnamo 1957. Kwa muda mrefu watu walijiuliza mashimo haya yalikuwa ya nini, na wengi waliamini kuwa ni nyumba za watu walioishi chini ya ardhi. Ni uchunguzi wa J. E. G. Sutton, ulioanza katika miaka ya 1960, uliodhihirisha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe: mlango uko upande wa mteremko, nje ya mlango kuna kichuguu cha samadi na taka, na nyumba zilijengwa pembeni mwa zizi. Hapa palikuwa na fumbo, palikuwa na nadharia, na pengine palikuwa na kukata tamaa. Hapakuwa na deni, kwani Wasirikwa hawakutega. Walilaza ng'ombe wao. Ardhi haikutuahidi lolote, na kwa sababu hiyo kutojua kwetu hakukuwa na wa kulaumiwa. Zaidi ya hayo, shimo la Hyrax Hill lina sakafu. Anayechimba kwa subira atafika mahali ambapo udongo wenyewe utamwambia kama amekosea.

Mtazamaji anayejenga nadharia juu ya mfululizo wa mafumbo anajiona kuwa mchimbaji wa namna hiyo. Anakusanya ushahidi, anaulinganisha, anatupa dhana zisizofaa. Lakini chini ya shimo lake hakuna udongo. Kuna nia ya mtu mwingine tu, na iwapo mtu huyo hakuweka kitu huko chini, hakuna jembe litakalokifikia. Mtazamaji anaingia kazini kwa sharti moja ambalo hawezi kulithibitisha yeye mwenyewe: kwamba aliyetega analo jibu. Hilo ndilo sharti la kila kitendawili. Mtoto anayesema "Tega!" anaamini hivyo, na bila imani hiyo asingepoteza muda wake kujaribu.

Kuna aina nyingine ya pengo ambayo si fumbo wala si udanganyifu, bali ni ajali. Miongoni mwa wahusika wa Lost alikuwemo Eko, Mnaijeria aliyekuwa jambazi kabla ya kuvaa joho la padri. Kwetu sisi pale sebuleni yeye ndiye aliyekuwa mtu wa karibu, na Afande alimtengea kurasa zake. Akauawa na ule moshi katika kipindi kilichoonyeshwa tarehe 1 Novemba 2006. Tulijenga nadharia nyingi juu ya sababu ya kifo hicho, na juu ya kile kilichokuwa kimeandaliwa kwa ajili yake. Baadaye ilifahamika kwamba mwigizaji, Adewale Akinnuoye-Agbaje, ndiye aliyeomba kuondoka. Pengo lile halikuwa na maana tuliyoitafuta. Ni kama ukuta wa nyumba ulioachwa bila plasta kwa kuwa fundi alipata kazi mji mwingine.

Kwa ajali ya namna hiyo watu husamehe. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Charles Dickens, aliyefariki Juni 1870 akiwa ameandika sehemu sita tu kati ya kumi na mbili alizozikusudia za The Mystery of Edwin Drood. Wasomaji wamekuwa wakibuni miisho ya riwaya hiyo tangu wakati huo. Mnamo Januari 1914 kuliendeshwa jijini London kesi ya mzaha ya kumshtaki mhusika anayetuhumiwa, G. K. Chesterton akiwa jaji na George Bernard Shaw akiwa kiongozi wa wazee wa baraza. Katika zogo hilo lote hatusikii mtu akimkasirikia Dickens. Nadharia zilikuwepo, uchungu haukuwepo, kwa kuwa mdaiwa aliyekufa akiwa katika kulipa hahesabiwi kuwa ni laghai. Inaonekana basi kwamba kinachomuudhi mtazamaji si kukosa jibu kama kukosa. Kinachomuudhi ni kushuku kwamba aliyetega alijua tangu mwanzo kwamba hana la kufumbua, na mji akauchukua.

Pingamizi la kwanza litatoka kwa wanafalsafa wa lugha. J. L. Austin, aliyetuonyesha katika How to Do Things with Words (1962) kwamba kuahidi ni kutenda, alisema pia kwamba maneno yanayotamkwa na mwigizaji jukwaani ni matupu kwa namna ya pekee: mwigizaji akiahidi kuoa, hakuna anayetazamia arusi. Kwa hiyo, itasemwa, hadithi haiwezi kuahidi. Jibu letu ni kwamba hapa viwango viwili vinachanganywa. Mhusika kumwahidi mhusika mwenzake ni jambo lililo ndani ya hadithi, na halitufungi. Lakini hadithi inapogeuza uso kuielekea hadhira, ikalaza juu ya meza dubu mweupe na tarakimu sita, kisha ikafunga kipindi kwa ishara ya kutualika Jumamosi ijayo, kitendo hicho hakimo katika hadithi. Ni kitendo cha msimuliaji kwa watu halisi, sawa na tamko "Kitendawili!" ambalo halimo katika fumbo bali linalitangulia.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wenzetu wanaodhani kwamba kudai jibu ni kudai kila sanaa iwe na jibu. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi hazimpi msomaji ufumbuzi, na wanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza hulalamika hadi leo. Malalamiko hayo ni ya ugumu, hayana chembe ya kuonewa. Kezilahabi hasemi "Kitendawili!" Tangu aya za mwanzo anamwingiza msomaji katika ulimwengu ambamo njia hazihesabiki na ambamo kutafuta ndiko kunakotazamwa. Anayeingia katika mzingile ulioandikwa mlangoni "mzingile" hawezi kumshtaki mwenye nyumba kwa kupotea. Kwa upande wa pili yupo Mohamed Said Abdulla, aliyemleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960). Bwana Msa hulipa. Maiti ikionekana mwanzoni, mwishoni tutajua nani na kwa nini, na mambo madogo tuliyoyapuuza yatageuka kuwa ndiyo yaliyokuwa na uzito. Wahakiki wetu kwa miaka mingi waliiweka riwaya ya upelelezi katika kapu la fasihi pendwa, wakaiona kuwa ni ya kuburudisha tu na isiyostahili semina. Yafaa ikumbukwe kwamba katika suala la uaminifu kwa msomaji, kapu hilo lina mambo ya kuyafundisha makapu mengine. Lost ilitega kama Abdulla, na ilipodaiwa jibu ikajitetea kama Kezilahabi. Huo, kwa maoni yetu, ndio msingi wa lawama.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na mwandishi hajalimaliza hata sasa. Inasemekana kwamba jibu huua. Mfululizo wa Twin Peaks wa David Lynch na Mark Frost ulianza Aprili 1990 kwa swali moja: nani aliyemuua Laura Palmer? Watengenezaji hawakutaka kulijibu upesi, na Lynch angependa lisijibiwe kabisa. Shinikizo likawa kubwa, muuaji akafichuliwa Novemba 1990, na watazamaji walewale waliokuwa wakidai jibu wakaanza kuondoka. Kufikia Juni 1991 mfululizo ulikuwa umekwisha. Mtu anaweza kusema: mnaona? Hadhira haijui inachokitaka, na kuipa inachokidai ni kuinyang'anya inachokipenda.

Kuna ukweli hapa. Mwandishi anakiri kwamba saa zilizokuwa tamu kuliko zote pale sebuleni hazikuwa za kutazama. Zilikuwa zile zilizofuata, santuri imezimwa, chai imemiminwa, na muuguzi akimweleza Afande kwa nini jaribio la kijeshi haliwezi kumfufua baba wa mtu. Nadharia ilikuwa ni ngano yetu sisi. Hata hivyo utamu huo wenyewe ulitegemea ile imani kwamba mmoja wetu angeweza kuwa amepatia. Uondoe uwezekano wa kupatia, na kinachobaki ni watu watano wanaozungumza kila mmoja peke yake. Aidha, kwamba deni likilipwa mdai huondoka, si sababu ya kutolilipa. Mwenye duka hupenda wateja wanaorudi, lakini hatujasikia mdaiwa akijitetea kwamba amezuia fedha ili kuulinda urafiki.

Na nani hasa aliyekuwa mdaiwa? Swali hili tulilipita haraka mno siku zile. Katika mchezo wa vitendawili mtegaji ni mmoja, ameketi mbele yako, na akikudanganya utamwona usoni. Lost iliundwa na Jeffrey Lieber, J. J. Abrams na Damon Lindelof, ikaandikwa na kundi zima la waandishi, na ikamilikiwa na kampuni iliyouza matangazo ya biashara. Hadi Mei 2007 waandishi hawakujua hadithi yao ingekuwa na urefu gani. Ni wakati huo ndipo ilipotangazwa kwamba mfululizo ungefungwa 2010. Kabla ya hapo kila fumbo lilipaswa kunyumbuka, kwa kuwa aliyetega hakuwa na mamlaka ya kusema mchezo utakwisha lini. Kisha ukaja mgomo wa waandishi wa Novemba 2007 hadi Februari 2008, na msimu wa nne ukafupishwa. Mambo haya yanaeleza mengi, na mwadilifu hapaswi kuyapuuza. Mtu anayeahidi kwa niaba ya mwajiri wake, bila kujua kama mwajiri atamruhusu kutimiza, ana kosa dogo kuliko laghai, ingawa ana kosa. Alijua kwamba hajui.

Hapana budi pia tuulize upande wa wadai. Santuri zetu zilikuwa za wizi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ilikuwa imekwisha kuanza kutumika, na hakuna hata mmoja sebuleni mle aliyewahi kumlipa yeyote mwenye haki. Je, asiyelipa anaweza kudai? Mmoja wa wale vijana, ambaye sasa ni wakili, hutucheka kwa jambo hili. Jibu la mwandishi si la kisheria. Mji unaotolewa katika kitendawili si fedha. Ni kukiri kushindwa, na nyuma ya kukiri huko kuna muda na fikra zilizotumika kwa nia njema. Hayo tuliyatoa, na hakuna mnakili anayeweza kuyanakili. Hata hivyo wakili wetu ana haki ya kucheka kidogo.

Tufike sasa kwa mahali. Mnamo Januari 2008 ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliingia Nakuru, na Kaptembwa ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia sana. Fundi mwenzake Afande alipoteza nyumba na vyote vilivyokuwamo. Alikaa siku kadhaa miongoni mwa waliokimbilia uwanja wa maonyesho, kisha akaihamisha familia yake na hakurudi tena kuishi Nakuru. Mikutano yetu ilikatika kwa miezi mingi, na iliporudi hakuna aliyekaa katika kiti chake. Oktoba ya mwaka huohuo Tume ya Waki ilitoa ripoti yake, na majina ya walioshukiwa kubeba dhamana kubwa zaidi yakatiwa katika bahasha iliyofungwa, ikakabidhiwa Kofi Annan. Wasomaji waliokuwa Kenya wakati huo watakumbuka jinsi nchi nzima ilivyogeuka kuwa sebule ya Afande. Katika matatu, kanisani, sokoni, kila mtu alikuwa na orodha yake ya majina na hoja za kuitetea. Julai 2009 bahasha ilifika kwa mwendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Desemba 2010 majina sita yalitajwa hadharani. Kufikia Aprili 2016 kesi zote zilizotokana na hayo zilikuwa zimekwisha bila mtu yeyote kupatikana na hatia ya ghasia zile.

Haikuwa mara ya kwanza. J. M. Kariuki, aliyekuwa na shamba Gilgil, mwendo mfupi kutoka Lanet, aliuawa Machi 1975. Bunge liliunda kamati, kamati ikaandika ripoti, na waliohusika hawajahukumiwa. Robert Ouko aliuawa Februari 1990. Tume ya Jaji Gicheru iliyoundwa Oktoba mwaka huo ilivunjwa na Rais Moi Novemba 1991 kabla haijamaliza kazi. Kizazi chetu kimelelewa katika usomaji wa mafumbo ambayo mtegaji wake hukusanya miji yote, akawasikiliza mashahidi kwa miezi, kisha akafunga jalada. Tumekuwa mabingwa wa nadharia kwa kuwa hatukuachiwa kitu kingine.

Kwa hiyo wanaosema kwamba kukasirikia mwisho wa hadithi ni utoto, kwani ni hadithi tu, wamelipindua jambo. Mkenya wa Lanet hakuitazama Lost akisahau mafumbo ya nchi yake. Aliitazama akitaraji kwamba pale angalau, mahali ambapo kila tukio limewekwa na mkono wa mtu kwa makusudi, hapangekuwa na kisingizio. Faili haliwezi kupotea katika hadithi. Shahidi hawezi kuhongwa. Hadithi ilikuwa ndiyo nyumba pekee ambamo neno "kwa nini" lilikuwa na uhakika wa kuitikiwa, na ilipokataa kuitikia ilitumia lugha tuliyoizoea: kwamba maswali si muhimu, kwamba la maana ni watu na mahusiano yao, kwamba yafaa tusonge mbele. Hapana shaka waandishi wa California hawakuwa na habari na lugha hiyo inavyosikika Nakuru. Lakini ndivyo ilivyosikika.

Kipindi cha mwisho tulikipata wiki kadhaa baada ya Mei 2010. Manusura wanakutana kanisani katika mahali ambapo, tunaambiwa, ni pa baada ya kifo, ingawa yaliyotokea kisiwani yalitokea kweli. Muuguzi hakujua ashangilie au la: toharani yake ilikataliwa kwa miaka sita, kisha ikaingizwa kwa mlango wa nyuma. Chini ya majina ya watengenezaji palionyeshwa mabaki ya ndege ufukweni, picha ambazo kituo cha runinga kilizipachika na ambazo ziliwafanya wengi waamini kwamba wote walikufa siku ya kwanza. Afande alifunga daftari bila kusema kitu. Safu ya kwanza ilikuwa ndefu kuliko ya pili karibu mara mbili. Usiku ule ule fundi mwenzake alipiga simu kutoka alikohamia, akataka aelezwe ilivyokwisha. Tulimweleza kwa zamu. Akanyamaza muda, kisha akauliza, "Hata hao nao wana la kuficha?"

Agosti ya mwaka huo watengenezaji walitoa, ndani ya seti ya santuri za kununua, nyongeza ya dakika kama kumi na mbili ambayo inajibu baadhi ya yaliyoachwa, likiwemo la dubu na la chakula kilichokuwa kikidondoshwa kisiwani. Kibanda cha karibu na steji hakikuwa nayo, kwani mnakili aliiona kuwa si kipindi. Mwandishi aliipata miaka mingi baadaye, akaipeleka Lanet siku ya Jumamosi. Afande, ambaye macho yake yalikuwa yamepungua, alimwomba mkewe alitafute daftari. Likapatikana chini ya cherehani. Tulitazama mara mbili. Akaandika majibu mawili katika safu ya pili, kwa herufi kubwa, akarudisha kalamu mfukoni, kisha akauliza kama katika santuri ile hakuna lolote juu ya Eko.